Mamilioni yako mkataba wa pili: jibu kwa mama wa mlinzi wa futiboli ya Kimarekani

Swali limetoka kwa mama mmoja mzaliwa wa Mombasa anayeishi Indiana, Marekani. Ameandika hivi: "Mwanangu ana miaka 16 na urefu wa futi 6 na inchi 4. Shuleni wamemweka upande wa ulinzi katika futiboli yao hii ya helmeti. Kocha anasema ana kipaji cha kufika NFL, ligi yao kuu ya kulipwa. Baba yake mdogo ameshaanza kuhesabu mamilioni. Mimi natoka zamu ya usiku nikiwaza: kazi hiyo hudumu miaka mingapi, na ikishamtema mtu inamwacha na nini mwilini na mfukoni? Nijibu bila kunipamba."

Dada, pole na zamu za usiku. Umesema nisikupambe, basi naanza na jibu lenyewe.

Chama cha wachezaji wa NFL husema wastani wa kazi ni kama miaka 3 na miezi michache. Ligi nayo husema mchezaji anayeanza msimu wake wa kwanza akiwa ndani ya kikosi hudumu karibu miaka 6. Utaona watu wakibishana ni nani anayedanganya. Hakuna. Chama kinamhesabu kila aliyepita mlangoni, hata aliyekaa majuma matatu akaondoka. Ligi inaanza kuhesabu baada ya chujio kupita. Sasa weka hesabu hizo pembeni, kisha kumbuka jambo moja ambalo baba yake mdogo huenda halijui: kijana akichaguliwa na timu, mkataba wake wa kwanza ni wa miaka 4 na kiwango chake kimepangwa tangu mwanzo, hakuna kuvutana sana. Fedha zinazotangazwa kwenye habari ni za mkataba wa pili. Kwa hiyo mchezaji wa wastani anaondoka kabla mkataba wa kwanza haujaisha, na mamilioni yale hakuyaona hata kwa mbali.

Yote nitakayokueleza yanazunguka hapo. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Miaka yangu mingi huku imepita nikifunga vifundo na kunyoosha mabega ya vijana wa vyuo wanaocheza safu ya mbele ya ulinzi. Wengi wao walikuwa wazuri kweli. Wachache sana walifika NFL, na waliofika wengi walirudi.

Kwanza ujue mwanao anafanya nini uwanjani, maana wazazi wengi wa kwetu hukaa jukwaani na blanketi magotini wakishangilia tu wakiona watu wameruka. Kwa urefu huo, nadhani wamemweka "endi", mlinzi wa ukingoni mwa safu ya mbele. Kazi yake ni kumfikia kotabeka, yule anayeupokea mpira kila mwanzo na kuamua autupe au amkabidhi mwenzake akimbie nao. Mbele yake pamesimama jitu la kilo 140 lililolipwa kumzuia. Ana kama sekunde 3, pengine chini ya hapo, kabla mpira haujatoka. Akimwangusha kotabeka mpira ukiwa bado mkononi, hiyo wanaiita "saki", na saki ndiyo sarafu ya kazi yake yote. Mwisho wa mwaka watu hawaulizi alikimbia mara ngapi bure. Wanauliza saki ngapi.

Tofauti na mshambuliaji, mlinzi hajui mpira unakwenda wapi. Mshambuliaji ameambiwa kabla. Mlinzi anasoma mabega ya mwenzake, anaanza kwenda kushoto, anagundua kadanganywa, anakata kulia na kilo 120 za mwili wake. Kukata huko kwa ghafla ndiko kunakokula goti, nyonga na misuli ya kinena. Jukwaani unaona watu wakigongana ukadhani hatari yote iko kwenye kugongana. Majeraha mengi niliyoyahudumia mimi yalitokea mtu akiwa peke yake, hajaguswa na yeyote, mguu umenasa kwenye nyasi na mwili umeshageuka.

Nikupe mtu mmoja wa mfano, na nimemchagua kwa sababu mbili. Kwanza hakuwa nyota wa mabango, alikuwa mlinzi mzuri tu wa kazi. Pili, jina lake utalisikia na kujua kwao ni wapi. Mathias Kiwanuka ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, ambaye baadaye akawa Jaji Mkuu na kukamatwa mahakamani Kampala mwaka 1972 na askari wa Idi Amin, asirudi tena. Mjukuu alizaliwa Indianapolis mwaka 1983, hapohapo jimboni kwenu, akasoma sekondari ya Cathedral mjini humo, kisha Boston College. Chuoni aliangusha makotabeka hadi akaweka rekodi ya chuo, saki 37 na nusu. Hiyo nusu isikushangaze: walinzi wawili wakimwangusha mtu pamoja, wanagawana.

Aprili 2006, New York Giants walimchagua akiwa wa 32, nafasi ya mwisho ya raundi ya kwanza. Uchaguzi huo wanauita drafti. Timu ni 32, raundi ni 7, wanaochaguliwa ni 250 na ushei kwa nchi nzima, na hairuhusiwi kuchagua kijana kabla haijapita miaka 3 tangu amalize sekondari. Mwanao basi, mambo yakienda vizuri mno, atakuwa na miaka 20 au 21.

Mwaka ule wa kwanza Kiwanuka alijifunza jambo ambalo halifundishwi chuoni. Tarehe 26 Novemba 2006 walikuwa Nashville wakicheza na Tennessee Titans. Giants waliingia robo ya mwisho wakiongoza 21 kwa 0, Titans wakapunguza hadi 21 kwa 14. Kisha Titans wakafika jaribio lao la nne wakihitaji yadi 10, wakishindwa mpira unahamia kwa Giants na mchezo ni kama umekwisha. Kiwanuka akamfikia kotabeka Vince Young, akamkumbatia, anaye mikononi kabisa. Halafu akamwachia. Alidhani mpira umeshatupwa, na mlinzi akimwangusha kotabeka aliyekwisha kutupa, waamuzi wanaitoza timu yake yadi 15. Mpira ulikuwa bado kwa Young. Akakimbia nao yadi 19. Titans wakasawazisha, na mkwaju wa mwisho ukawapa ushindi wa 24 kwa 21.

Nimemwona mama mmoja akilia kwa sababu mwanawe alikosa namna hiyo katika mechi ya shule, na kijana akazomewa darasani. Kwa huyu wa NFL, mazomeo yalitoka kwa mji mzima wenye magazeti yasiyo na haya. Nakueleza kwa sababu kazi ya mlinzi ina hukumu ya ajabu: anaweza kufanya sawa mara 45 katika mechi, na ya 46 ndiyo inayorudiwa kwenye televisheni kwa miaka. Ukitaka kujua kama mwanao ana moyo wa kazi hii, usimwangalie siku anayobebwa juu. Mwangalie Jumatatu baada ya kosa.

Kiwanuka alirudi. Na timu ikamhamisha. Mwaka 2007 Giants walikuwa na maendi wengi hodari, Michael Strahan na Osi Umenyiora, basi wakamfanya lainbeka, mlinzi anayesimama nyuma ya safu ya mbele na ambaye mara nyingine hulazimika kurudi nyuma kumfuata mpokeaji. Ni kama umwambie fundi seremala aliyezoea milango kwamba kuanzia kesho atachonga dau. Alikuwa ameshapata saki 4 na nusu alipovunjika mfupa mwembamba wa mguu Novemba, akaingia orodha ya majeruhi, na msimu wake ukaishia hapo. Miezi miwili na nusu baadaye wenzake waliwafunga New England Patriots, ambao hawakuwa wamepoteza mechi hata moja msimu huo, 17 kwa 14, wakatwaa ubingwa wa Super Bowl, fainali ya ligi. Yeye alitazama. Pete ya ubingwa aliipata, maana orodha ya majeruhi ni sehemu ya timu, lakini hakucheza.

Mwaka 2008 Umenyiora akaumia goti kabla msimu haujaanza. Wakamrudisha Kiwanuka kuwa endi. Ukawa mwaka wake bora kwa hesabu, saki 8. Ona jinsi kazi hii ilivyo: nafasi yako hutoka kwenye goti la rafiki yako, na lako likivunjika linafungua ya mwingine. Wachezaji wanalijua hilo, na hawaongei sana.

Mwaka 2010 alianza kwa kasi, saki 4 katika mechi 3. Kisha madaktari wakakuta diski moja ya shingo imetoka mahali pake. Msimu ukaisha. Dada, katika majeraha yote niliyoyataja hili ndilo ambalo mimi kama mtu wa viungo ningekaa na familia nzima. Mguu ukivunjika unaunga. Diski ya shingo kwa mtu anayejirusha kwenye kilo 140 kila Jumapili ni suala la uti wa mgongo. Yeye alirudi salama mwaka uliofuata, na mambo yakaishia mahali pazuri: Februari 2012, Super Bowl ilichezwa Indianapolis, mji wake wa kuzaliwa, na Giants wakawafunga Patriots tena, 21 kwa 17. Safari hii alikuwa uwanjani.

Giants walimwachia Machi 2015. Misimu 9, timu moja, saki 38 na nusu, pete 2, nafasi mbili tofauti, misimu miwili iliyokatishwa na majeraha makubwa. Hakuwahi kuongoza ligi kwa lolote. Lakini katika macho yangu hiyo ni kazi iliyofanikiwa sana, na wachezaji wengi niliowahudumia wangeitaka kuliko chochote. Baba yake mdogo akizungumza habari za NFL, namwomba amfikirie Kiwanuka, asimfikirie aliye kwenye tangazo la viatu.

Sasa fedha, maana najua hapo ndipo mnapovutana nyumbani.

Majira ya kiangazi kila timu huwa na wachezaji 90 kambini. Mwisho wa Agosti wanatakiwa kubaki 53. Katika siku chache tu zaidi ya watu 1,000 nchi nzima wanaitwa mmoja mmoja ofisini na kuambiwa waje na tableti yao ya mbinu, na kila mtu kwenye korido anajua maana yake. Wachache huchukuliwa kwenye kikosi cha mazoezi, watu 16 wanaofanya mazoezi na timu juma zima bila kuhesabiwa katika wale 53. Mwaka 2025 hao walianzia dola 13,000 kwa juma. Aliyebaki ndani ya 53 akiwa mgeni alianzia dola 840,000 kwa msimu.

Kwa mtu wa zamu za usiku fedha hizo ni nyingi, hata mimi nakubali. Lakini sikiliza zinavyolipwa. Zinagawanywa kwa majuma 18 ya msimu. Akiachwa juma la tano, kwa kawaida ameondoka na mafungu ya majuma yale tu. Hakuna mshahara wa Desemba. Serikali kuu inachukua kodi ya ngazi ya juu, na majimbo mengi yanatoza kodi kwa kila mechi iliyochezwa humo. Wakala anachukua mpaka asilimia 3. Halafu kuna ndugu. Sisi wenyewe tunajijua: mtoto akionekana kwenye televisheni, kila harusi ya Kisauni na kila ada ya shule ya Likoni itakuwa na jina lake.

Mkataba wowote wa NFL una namba mbili. Ya kwanza ni jumla, ile ya magazeti. Ya pili ni kiasi kilichohakikishwa, yaani kile ambacho timu itakilipa hata ikimfukuza kesho. Nick Bosa, endi wa San Francisco, alisaini mwaka 2023 mkataba wa miaka 5 wenye thamani ya dola milioni 170, na waliohesabu vizuri wakauliza mara moja kilichohakikishwa. Kilitangazwa kuwa milioni 122 na nusu. Huyo yuko juu kileleni. Kwa mchezaji aliyechaguliwa raundi ya sita au ya saba, kilichohakikishwa huwa ni malipo ya kusaini tu na pengine chenji kidogo. Mkataba wake unaweza kuandikwa miaka 4 na ukafutwa baada ya majuma 4.

Wengine hupewa mkataba wenye mshahara wa ngazi mbili: akiwa mzima analipwa hiki, akiumia na kuingia orodha ya majeruhi analipwa pungufu. Unakumbuka Damar Hamlin, mlinzi wa nyuma wa Buffalo Bills, moyo wake uliposimama uwanjani Cincinnati tarehe 2 Januari 2023 baada ya kugongana kifuani na mpokeaji? Dunia nzima ilimwombea. Kijana yule alikuwa mwaka wake wa pili, amechaguliwa raundi ya sita, na karatasi zake ziliruhusu mshahara upunguzwe kwa kuwa kaingia orodha ya majeruhi. Bills waliamua kumlipa kamili. Uamuzi mzuri, lakini ulikuwa wa hisani. Alipona, akarudi kucheza msimu uliofuata.

Kuwa mwaka wa pili kuna maana nyingine: pensheni bado. Pensheni ya NFL inaanza kuwa haki ya mchezaji akitimiza misimu 3 inayohesabiwa, na msimu unahesabiwa akiwa kwenye timu kwa mechi 3 au zaidi, hata akiwa majeruhi. Aliyefikisha hapo anapata pia bima ya afya kwa miaka 5 baada ya kuacha. Aliyecheza misimu 2 na mechi 2 hana. Ndiyo maana utawaona wachezaji wa mwaka wa tatu Septemba wakicheza na kifundo kilichovimba kama fenesi. Wanahesabu mechi. Mimi nimeshika vifundo hivyo.

Nikukumbushe ule mkataba wa pili nilioanza nao. Ezekiel Ansah alitoka Ghana kwenda chuo cha Brigham Young huko Utah, na futiboli aliianza mwaka 2010 tu, hajawahi kuivaa helmeti kabla. Miaka 3 baadaye Detroit Lions walimchagua wa 5 nchi nzima. Mwaka 2015 akapiga saki 14 na nusu. Ulipofika wakati wa mkataba wa pili, timu ilitumia haki inayoruhusiwa na kanuni, ya kumfunga mchezaji kwa mwaka mmoja zaidi kwa malipo maalumu. Kwake ilikuwa dola milioni 17 na kidogo kwa msimu wa 2018. Fedha nyingi, lakini za mwaka mmoja, hazina kesho. Bega likaumia, akacheza mechi 7. Mwaka uliofuata Seattle wakamchukua kwa mkataba wa mwaka mmoja, na ule mrefu wa kuhakikishiwa hakuupata tena. Hapa hasemwi maskini, Ansah alilipwa vizuri. Nasema tu hata aliyekuwa miongoni mwa bora anaweza kufika mlangoni mwa mkataba wa pili na bega likamgeuza.

Kuna Mkenya pia, na yuko hapo kwenu Indiana katika kumbukumbu. Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa mchezaji wa raga aliyepitia Afrika Kusini na New Zealand. Mwaka 2013 Indianapolis Colts walimsaini kuwa lainbeka bila kuwahi kucheza futiboli ya Kimarekani, na Desemba mwaka huo akaingia uwanjani, Mkenya wa kwanza kuzaliwa nyumbani na kucheza NFL. Walimtumia zaidi kwenye mipira ya kuanzisha, pale mtu anapokimbia moja kwa moja kwenda kumwangusha anayekuja na mpira, kazi inayofanana na raga. Ulinzi wenyewe unataka kusoma, na kusoma kunataka miaka. Mwaka 2015 Colts walikuwa wameachana naye. Mwili ulikuwepo, wa ajabu kabisa, miaka ya kujifunza ndiyo haikuwepo. Mwanao ana faida hiyo: ameanza mapema. Akikwambia anatazama video za mechi saa moja kila usiku, usidhani anakwepa hesabu. Ndiyo kazi yake, ilimradi hesabu nazo zifanywe.

Habari ya kichwa nimeiacha hapa kwa sababu haina namba nzuri za kukupa. Kugongwa mara nyingi, hata kule kudogo kusikomfanya mtu aanguke, kunahusishwa na ugonjwa wa ubongo unaoitwa CTE, unaoharibu kumbukumbu, hasira na usingizi miaka mingi baadaye. Haupimwi kwa uhakika mtu akiwa hai, mpaka ubongo uchunguzwe baada ya kifo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walitangaza kwamba katika bongo 111 za waliowahi kucheza NFL, 110 zilikuwa nao. Usiisome kuwa wachezaji 110 kati ya 111 wanaugua, maana familia zilizotoa bongo hizo nyingi zilishaona dalili. Lakini pia usimsikilize anayesema ni porojo. Junior Seau, lainbeka aliyecheza misimu 20, mtu wa furaha ambaye uwanjani alikuwa kama umeme, alijitoa uhai mwaka 2012 akiwa na miaka 43, na ubongo wake ukakutwa na ugonjwa huo. Safu ya mbele, anapocheza mwanao, ndiko kunakogongana kila mwanzo wa mpira, mara nyingi bila mtu kuona.

Yamebadilika mengi. Tangu 2022 NFL inawalazimisha watu wa safu ya mbele na malainbeka kuvaa kofia laini juu ya helmeti wakati wa sehemu kubwa ya mazoezi ya kambini. Muulize kocha wa shule kama wanazo, na kwa juma wanagongana kwa nguvu kamili siku ngapi. Kocha mzuri atakujibu kwa namba. Akikujibu kwa hotuba, hilo nalo ni jibu.

Sasa ufanye nini? Usimkataze, na usimwachie baba yake mdogo. Kati ya vijana kama milioni moja wanaocheza sekondari nchini, wanaofika vyuoni ni wachache, na katika kila 100 wa vyuoni wanaofikia hatua ya kuchaguliwa, NFL haichukui hata 2. Lakini ulinzi unaweza kumlipia chuo, na hilo liko karibu zaidi kuliko NFL kwa mbali sana. Ili aruhusiwe kucheza Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, anatakiwa awe na masomo 16 ya msingi sekondari na wastani wa alama usiopungua 2.3 kati ya 4. Nenda kwa mshauri wa shule mwezi huu, ukamwombe orodha hiyo ya masomo. Nimeona kijana wa kilo 115, wepesi wa paka, akikwama kwa sababu ya somo moja la sayansi alilolikwepa darasa la kumi.

Hukusema hali ya karatasi zenu, nami sitaki uiandike hadharani. Tangu 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Mwenye ukazi wa kudumu hana tatizo. Aliye kwenye viza ya mwanafunzi anaweza kuivunja kwa kupokea fedha hizo, kwa hiyo wakili wa uhamiaji atangulie, mwenye fedha afuate.

Watakapoanza kuja nyumbani kwako wale makocha wa vyuo wenye suti na tabasamu, wapikie, hiyo ni desturi yetu. Wakishakula, uliza. Ufadhili ni wa mwaka mmoja au mpaka amalize? Akiumia na asiweze kucheza tena, unabaki? Nani anamiliki kumbukumbu zake za matibabu, na utazipata? Tangu Agosti 2024 vyuo vya Divisheni ya Kwanza vinatakiwa kugharamia matibabu ya majeraha ya michezo kwa miaka isiyopungua 2 baada ya mchezaji kuondoka. Kabla ya hapo nilimwona mama mmoja akilipia kwa kadi ya mkopo kipimo cha goti ambalo mwanawe aliliharibu akikichezea chuo. Taka majibu kwa maandishi, hata kwa barua pepe ya mistari mitatu.

Na akirudi usiku wa Ijumaa akakwambia kichwa kinamuuma, au mwanga unamsumbua, au anauliza swali lilelile mara mbili, usimpe dawa ya maumivu ukamwambia alale. Mpeleke hospitali usiku huohuo, na asirudi uwanjani mpaka daktari aandike, hata kama ni juma la fainali na kocha amekuja mwenyewe kukubembeleza.

Karatasi yoyote watakayokuletea usiisaini asubuhi ukitoka zamu, macho yamejaa usingizi. Ipige picha, unitumie, niisome kwanza.